MmaThuso na Meza Isiyoyumba

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2024, saa kumi jioni, Bi. Galeboe Tshukudu atavua aproni yake ya kijivu na kuitundika kwenye msumari wake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Karakana ya Mophane Sauti hapa Francistown kwa miaka thelathini na minne na siku ishirini na nane. Siku hizo ishirini na nane sikuziongeza kwa kupenda kwangu. Alipita ofisini akaona ninaandika "miaka thelathini na minne", akagonga meza kwa kidole: "Rra, usinipunje. Na hizo nilifanya kazi."

Jina la Galeboe Tshukudu linasomeka kwenye karatasi za mishahara tu. Sisi tunamwita MmaThuso, yaani Mama Thuso, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na ndivyo wanavyomwita marok wote kuanzia Maun hadi Lobatse. Wageni wetu wa Ijumaa watakaowakuta marok hao mlangoni, wamevaa ngozi nyeusi kutoka kofia hadi buti, minyororo kifuani na pembe za ng'ombe mkononi, katika joto ambalo hata mbuzi wanatafuta kivuli, tafadhali wasikimbie. Ni wapenzi wa muziki wa roki nzito, ni watu wapole sana, na wengi wao wamekuja kulia.

Watalia kwa sababu ya sauti ya gitaa. Amplifaya nyingi za siku hizi zina vipande vidogo visivyopata joto wala hasira. Zile zinazofika kwa MmaThuso ni za vali, yaani zina chupa za kioo zenye moto mwekundu ndani, na zimeundwa makusudi kuikwaruza sauti ya gitaa mpaka ingurume. Ukiipatia, nywele zinasimama. Ukiikosea, unapata nyuki ndani ya ndoo. Kati ya kupatia na kukosea kuna vitufe sita vya kuzungusha, na kila kijana duniani akiviona anavizungusha vyote mpaka mwisho.

MmaThuso alikuja kwetu mwaka 1990 akiwa na cheti cha ufundi redio na bisibisi mbili zake mwenyewe, amezifunga kwa kitambaa kama vijiko vya harusi. Mwanzilishi wetu, marehemu Rra Nfila, alimpa amplifaya iliyowashinda mafundi watatu, akaenda kunywa chai. Aliporudi ilikuwa inanguruma. Akampa kazi, na akampa meza ya dirishani, ambayo wengine waliikataa kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi na iliyumba kama ndama wa jana. Ukiweka kikombe cha chai pale, nusu yake inanywewa na sakafu.

Alituachia maneno matatu ambayo hayamo katika kitabu chochote cha ufundi. Mkwaruzo mzuri aliuita "phane", kwa sababu mchana alikuwa akila phane, wale viwavi wa kukaushwa, kutoka kwenye kopo, na alitaka sauti ikatike kama mdudu yule anavyokatika kwenye meno: kavu, ya chumvi, na kila moja peke yake. Mkwaruzo mbaya aliuita "uji". Leo wateja wenyewe wanaingia wakisema, "MmaThuso, gitaa langu limekuwa uji," na fundi mgeni aliyetutembelea kutoka Durban aliandika neno hilo kwenye daftari lake akidhani ni la kitaalamu.

La tatu ni "sikiliza kwa miguu". Hajawahi kuikubali sauti yoyote akiwa amesimama mbele ya spika. Humwacha mpiga gitaa anapiga, naye anatoka nje, anavuka uwanja, anafika getini kwa mama muuza magwinya, maandazi ya kwetu, ananunua moja, analila lote, ndipo anarudi na hukumu. "Spika ukisimama mbele yake inakusifu," husema. "Nenda mbali, utaambiwa ukweli." Muuza magwinya wetu kwa sasa ana masikio mazuri kuliko mafundi wa studio wawili ninaowafahamu, na ameshawahi kumwambia mteja mwenye kofia ya fuvu, bila kuulizwa, apunguze besi.

Visa vyake ni vingi na programu hii ya kumuaga ina kurasa nne tu. Kuna nyoka aliyejiviringisha juu ya transfoma kwa ajili ya joto, naye akamtoa kwa mwiko huku akimwomba radhi kwa usumbufu. Kuna kwaya ya kanisa iliyokodi amplifaya yetu kali kuliko zote kwa makosa, wakafungua Zaburi kwa ngurumo iliyomwamsha hadi mchungaji; walipoirudisha, kiongozi wa kwaya aliuliza kwa sauti ya chini kama wangeweza kuikodi tena Pasaka. Lakini kisa cha kueleza kwa urefu ni kimoja, na lazima nikieleze mimi, kwa sababu mkosaji ndani yake ni mimi.

Ilikuwa Septemba 1998. Nilikuwa na miezi mitano ya umeneja na tai tatu mpya. Sikukuu ya Uhuru ya mwaka ule marok walipewa kwa mara ya kwanza jukwaa kubwa la uwanja wa maonyesho, na bendi ya kufungua ilikuwa Dinare, yaani Nyati, watu wanne kutoka upande wa Nata waliokuwa wakifanya mazoezi yao moraka, kule porini wanakokaa ng'ombe. Mpiga gitaa wao aliitwa Ontefetse Sebego, lakini jina lake la jukwaani lilikuwa Phiri, yaani Fisi, na kwa habari ya vitufe jina lilimfaa. Alikuwa ametuletea amplifaya yake isafishwe na kubadilishwa vali moja iliyochoka. MmaThuso aliifanya kazi hiyo, akasaini.

Ijumaa tarehe 25, siku tano kabla ya onyesho, Dinare walikuja kuijaribu uwanjani kwetu. Phiri alikuwa ameweka alama kwa rangi nyekundu ya kucha za dada yake kwenye kila kitufe, ili sauti yake ya moraka isipotee njiani. Makali mpaka mwisho. Besi mpaka mwisho. Sauti nyembamba mpaka mwisho. Sauti ya kati, sifuri. Akazungusha kila kitu kwenye alama yake, akapiga.

Ulikuwa uji. Uji mwingi, uji wa matanga. Mpiga ngoma alipoingia, gitaa likapotea kabisa, ukawa unaona vidole vinakimbia na husikii vinakokwenda. Phiri alizima swichi, akaigeukia hadhira, ambayo ilikuwa karibu marok thelathini na muuza magwinya.

"Mma," alisema, "nilikuletea dume, umenirudishia maksai."

Wenye ng'ombe wataelewa jinsi kicheko kilivyopasuka. MmaThuso alifuta mikono yake kwenye aproni. "Dume halihasiwi kwa bisibisi, mwanangu. Nilibadilisha vali moja, na ya zamani hii hapa mfukoni."

"Kule moraka lilikuwa linalia! Muulize yeyote hapa! Limeingia kwako zima limetoka halina kitu!"

"Maksai!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na neno likashika. Kufikia saa tisa lilikuwa limefika stendi ya mabasi. Watu walipiga simu karakana kuuliza kama tunahasi na magitaa ya besi.

Nami, meneja mwenye tai tatu, niliogopa. Onyesho lilikuwa letu. Vyombo vyote vya jukwaa vilitoka kwetu. Mtu mmoja aliniambia wakati wa chai kwamba mambo haya ya umeme mkali yanataka mwanamume. Sikumkemea. Nilikaa kwenye mashine ya chapa nikaandika barua ya mistari minne: kuanzia Alhamisi tarehe 1 Oktoba, Bi. G. Tshukudu atahamia dawati la mapokezi, na meza yake atapewa fundi mwingine. Nikaichapa kwenye karatasi ile nene ya kampuni, yenye nembo, ili ionekane si chuki bali ni utaratibu. Nikampelekea mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na ile vali iliyochoka.

"Alhamisi," alisema.

"Alhamisi," nikasema.

"Basi nina siku tano." Akatoka nje kumtafuta Phiri, ambaye alikuwa ameketi kwenye pikapu yake amefunika uso kwa kofia. Maneno aliyomwambia, Phiri hunisimulia mpaka leo kila tukikutana: "Nipeleke nikalisikie dume lako pale lilipokuwa dume."

Yaliyofuata niliyapata kwa Phiri na kwa baba yake, kwa sababu MmaThuso mwenyewe ukimuuliza anasema tu kwamba njia ilikuwa na vumbi. Walifika moraka Jumamosi asubuhi. Baba mtu, Rra Sebego, alikuwa ameketi kando ya kisima cha mashine akinywa madila, yaani maziwa ya mgando, na alipoona amplifaya inateremshwa akaiambia hewa: "Sasa wameamua kuwatisha ng'ombe wangu kwa utaratibu. Wameleta na fundi."

Pale umeme hutoka kwenye injini moja ya dizeli, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayovuta maji. MmaThuso aliunganisha amplifaya, akamwambia Phiri azungushe vitufe kwenye alama zake nyekundu, apige. Ukatoka uji ule ule wa Francistown. Phiri alikaa chini mchangani. Miaka sita alikuwa amelipigania jukwaa lile, na sasa hata moraka kwao dume lilikuwa limekufa. Alisema angeuza gitaa arudi kuchunga moja kwa moja, na baba yake akasema hilo ndilo neno la kwanza la maana kulisikia mwaka ule, akaenda kufungulia pampu maana ng'ombe walikuwa wanakuja kunywa.

Injini ikakohoa, ikainama kwenye kazi. Na Phiri, aliyekuwa anachezea uzi mmoja kwa huzuni tu, akasikia sauti inageuka chini ya kidole chake. Ikawa laini, ikawa nene, ikaacha kuzomea. Akaruka.

"Hiyo! Hiyo hapo! Mma, umefanya nini?"

"Mimi sijafanya kitu," alisema MmaThuso, ambaye alikuwa amechuchumaa na kipimo chake cha umeme. "Baba yako amenywesha ng'ombe."

Kipimo kilikuwa kimeshuka kutoka volti mia mbili na thelathini hadi mia moja themanini na moja. Mazoezi yote ya Dinare yalifanyika Jumamosi, na kila Jumamosi pampu ilikuwa inavuta. Kwa miaka sita walikuwa wakipiga amplifaya yenye njaa. Mwenye njaa hana nguvu ya kupiga kelele, kwa hiyo Phiri aliongeza makali, besi na sauti nyembamba mpaka mwisho na bado ikawa mpole. Akaja mjini, ikala ikashiba, ikarusha yote aliyoiomba kwa wakati mmoja. Vali ya MmaThuso haikuhusika hata chembe.

"Basi tuipeleke pampu Francistown," alisema Phiri, na haikuwa mzaha.

"Na ng'ombe wanywe nini, makofi?"

Alimweleza pia kwamba vali zinazonyimwa umeme wake kila wiki huchoka mapema, na ndiyo maana ile moja ilikuwa imekufa. Sauti ile ilibidi itafutwe kwa njia ya halali, amplifaya ikiwa imeshiba. Hapo ndipo Rra Sebego, akiwa amewapa mgongo, akasema jambo lililomaliza kesi, ingawa yeye alikuwa anaongelea ng'ombe tu.

"Yule wa kengele iliyopasuka hayupo."

MmaThuso akageuka. "Rra, umejuaje? Na gitaa lilikuwa linapigwa muda wote."

"Gitaa la huyu linanguruma chini na linazomea juu," alisema mzee. "Katikati hakuna mtu. Kengele zinapita hapo hapo katikati, nazisikia zote."

Phiri anasema MmaThuso alisimama kama aliyeitwa jina. Akaamuru ngoma, besi na gitaa vipigwe pamoja, pampu imezimwa, naye akasikiliza kwa miguu: hatua mia mbili mpaka kwenye boma la miiba. Alisikia ngoma. Alisikia besi. Alisikia kengele za ng'ombe thelathini na mmoja. Gitaa hakulisikia. Phiri alikuwa ameiondoa sauti ya kati kwa sababu akiwa peke yake, karibu na spika, ilionekana kubwa zaidi bila hiyo, lakini chini kabisa palikuwa pamekaliwa na mpiga besi, na juu kabisa na matoazi. Kwenye bendi yake mwenyewe hakuwa amejibakishia mahali pa kukaa.

Alirudi akafuta alama nyekundu kwa dizeli na kitambaa. Makali akayakata nusu, na Phiri akashika kichwa kama anayenyolewa bila maji. Besi akaishusha. Sauti ya kati akaipandisha kupita nusu. Sauti ya jumla akaiongeza, ili zile vali kubwa za nyuma nazo zifanye kazi badala ya kuziachia ndogo za mbele kila kitu. Mwisho akaweka kipedali kidogo cha kukanyagwa kati ya gitaa na amplifaya, makali yake karibu na sifuri, nguvu yake juu, ili besi ikazwe kabla haijaingia mle ndani na kuwa uji. Phiri alilalamika kila hatua. Akiwa karibu, alisema, sauti ilikuwa nyembamba, ilikuwa ya aibu, ilikuwa ya mtu wa jazi.

"Usinipigie mimi," MmaThuso alimwambia. "Mpigie baba yako." Rra Sebego alikuwa ameshafika bomani kuhesabu.

Phiri akapiga, na bendi nzima ikaingia. Baada ya muda mfupi mzee alionekana anakuja mbio, fimbo juu, kofia mkononi.

"Nyamazeni! Nyamazeni nyote! Sasa siisikii kengele hata moja!"

Phiri anasema kwamba MmaThuso, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza, alipiga hatua tatu za ngoma pale mchangani, aproni ikiwa imeshikwa kwa vidole viwili. Nilimuuliza kama ni kweli. Amekana.

Jumatano tarehe 30, Sikukuu ya Uhuru, saa kumi na moja jioni, Dinare walipanda jukwaani. MmaThuso alikuwa ameweka kipaza sauti mbele ya spika, lakini si katikati yake panapokwaruza. Alikisogeza pembeni kwa upana wa vidole vitatu, akakifunga kwa utepe, akamwambia mtu wa jukwaa kwamba atakayekigusa atakiona. Mimi nilisimama nyuma kabisa, getini, karibu na lango la kukimbilia. Nilikuwa nimevaa tai nyeusi.

Phiri akashusha mkono. Sijui niielezeje sauti ile kwa karatasi. Ilitoka jukwaani ikavuka umati wote na kunifikia ikiwa nzima, kila uzi na jina lake, kavu kama phane, na nzito mpaka vifungo vya shati vikatikisika. Mama mmoja aliyekuja kuuza machungwa aliweka kikapu chini. Nililia, ndugu zangu. Niko tayari kukiri hilo kwa maandishi kwa sababu mwakani na mimi nastaafu na hakuna wa kunifanya kitu.

Baada ya wimbo wa kwanza Phiri alivua kofia, akanyoosha kidole kwenye amplifaya, akanguruma kwenye kipaza sauti: "Mlisema maksai?"

"Aaa-aa!" umati ukakana, wakiwemo wale wale waliosema.

"Ni nini hii?"

"Dume!"

"Dume la nani?"

"La MmaThuso!"

Alikuwa kando ya jukwaa akichungulia nyuma ya amplifaya, kuona kama vali zinawaka sawa. Waliimba jina lake, hakugeuka. Rra Sebego, aliyekuja amejaza pamba masikioni, alikuwa akipita kwenye umati akimwambia kila mtu: "Mimi ndiye mwenye pampu."

Alhamisi tarehe 1 Oktoba niliingia karakana mapema. Dawati la mapokezi lilikuwa tupu. MmaThuso alikuwa mezani kwake, dirishani, aproni imefungwa, amplifaya imefunguliwa mbele yake. Nilisimama pale na kikombe changu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu usiku na yote yalinikimbia.

"Dumela, Mma," nikasema.

"Dumela, Rra," akasema, akaendelea kufungua skrubu.

Niliweka kikombe mezani kwake ili nipate la kufanya na mikono, nikamsifia hali ya hewa, nikaondoka. Chai haikumwagika. Nakumbuka niliona hivyo, na nikadhani amemwita seremala. Barua ile hatukuizungumzia tena. Yeye hakuuliza, nami sikuwa na ujasiri wa kuifuta, kwa sababu kuifuta ningelazimika kuitaja.

Tangu siku ile amepitisha mikononi mwake amplifaya zaidi ya elfu nne. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, watano wao wanawake, na mmoja wao, Tjedza Habangana, ambaye wamekaa meza jirani kwa miaka kumi na miwili, ndiye atakayeirithi ya dirishani Jumatatu. Dinare bado wanapiga. Phiri ana mvi na wajukuu wawili, na vitufe vyake bado viko pale MmaThuso alipoviacha, safari hii bila rangi ya kucha, maana anasema kitu ukikielewa hakihitaji alama.

Wiki iliyopita nilifungua faili lake ili niandike wasifu huu, nikaona kitu kilichoninyima usingizi. Nakala ya barua yangu ipo mle. Baada yake hakuna nyingine. Kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni, MmaThuso ni mhudumu wa mapokezi tangu tarehe 1 Oktoba 1998, na kwa miaka ishirini na sita hajashika bisibisi. Hati zake za kustaafu zilikuwa zimeshaandaliwa hivyo hivyo.

Jumanne mimi na Tjedza tulisogeza meza ya dirishani ili ukuta upakwe rangi. Hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuisogeza. Mara ikayumba. Tjedza akainama chini ya ule mguu mfupi, akainuka na kipande cha karatasi nene, kimekunjwa mara nne, kimebanwa kikawa kigumu kama kipande cha ubao. Nilikikunjua kwa kucha. Nembo ya kampuni. Mistari minne. Sahihi yangu, ile ya ujana, yenye mkia mrefu.

MmaThuso alikuwa mlangoni na kopo lake la phane.

"Ilikuwa karatasi nzuri, Rra," alisema. "Nene. Ningeitupaje?"

Nilimwomba radhi, mbele ya Tjedza, kwa maneno yote yaliyonikimbia mwaka ule. Ilinichukua muda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitafuna polepole, kama anavyosikiliza gitaa akiwa getini. Kisha akasema, "Nimekusikia vizuri. Haya, sasa irudishe. Tjedza ana kazi Jumatatu, na meza inayumba."

Nimeirudisha. Lakini kwanza niliigeuza, na nyuma yake nikaandika kwa mkono: *Barua hii imefutwa. Galeboe Tshukudu ni Fundi Mkuu wa Amplifaya, na ndivyo alivyokuwa siku zote.* Nikaweka tarehe, sahihi na mhuri wa kampuni. Nakala iko kwenye faili, hati za kustaafu zimeandikwa upya, na karatasi yenyewe imekunjwa mara nne na iko chini ya mguu wa meza. Ijumaa, mkipita kuaga, wekeni vikombe vyenu pale mjionee.

MmaThuso, asante kwa siku zote, pamoja na zile ishirini na nane. Nenda ukapumzike, ng'ombe wako wanywe washibe, na kila asubuhi usikie kengele zao zote. Ukituhitaji, tuite tu. Umetufundisha kusikia kutoka mbali.

*Moagi Letsididi, Meneja, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mophane Sauti*